Kidonda cha mkono kimepona, mbona vidole bado vimekufa ganzi?

Ushongo, kusini mwa mji wa Pangani mkoani Tanga, ni kijiji ambacho riziki karibu yote inapitia kwenye vidole. Mvuvi anavuta mshipi, jioni anaunga nyavu. Mama anapara samaki. Mkwezi yuko juu ya mnazi, chini kuna kijana anafua nazi. Hata anayepeleka wageni kisiwa cha Maziwe lazima mkono ushike usukani wa boti.

Sasa chukua mfano huu.

Kijana anapasua dafu, panga linateleza, linamkata kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, karibu na kidole cha mwisho. Damu nyingi, kelele nyingi. Anakimbizwa zahanati, anasafishwa, anashonwa, anachomwa sindano ya pepopunda. Baada ya wiki 2 nyuzi zinatolewa. Kovu safi kabisa. Watu wanampa pole na kumshukuru Mungu, amepona.

Lakini yeye anajua hajapona. Kidole cha mwisho hakisikii. Akishika sindano ya kuungia nyavu inadondoka. Akiuliza anaambiwa, "Hiyo ganzi tu, itaisha yenyewe." Basi anatulia. Mwezi, miezi 3, mwaka.

Kama mshipa wa fahamu ulikatika, huko kutulia ndiko kunakomharibia mkono.

Ngozi imeungana, waya bado umekatika

Mshipa wa fahamu, au neva, siyo mshipa wa damu. Fikiria waya wa umeme: nje kuna ganda, ndani kuna nyuzi nyembamba maelfu. Nyuzi nyingine zinapeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Nyingine zinarudisha taarifa: hapa pana moto, hapa pana ncha kali, hiki kilichoko mfukoni ni shilingi siyo ufunguo.

Mfano wa waya unaishia hapo, kwa sababu neva ni kitu hai. Makao makuu ya kila uzi yako kwenye uti wa mgongo au jirani yake. Ukiukata uzi kwenye kifundo, kipande kilichobaki upande wa vidole kinakufa ndani ya siku na wiki chache, maana kimetengwa na makao yake. Kisha kipande cha juu kinaanza kuchipua upya, polepole, kikitafuta njia ya kurudi.

Spidi yake ni kama milimita 1 kwa siku. Milimita 1 tu.

Piga hesabu. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole ni kama sentimita 18, kwa hiyo karibu miezi 6. Kutoka begani hadi vidoleni ni kama sentimita 70, yaani karibu miaka 2. Na hapo ni kama njia iko wazi. Kama ncha mbili za neva zimeachana na katikati pameziba kovu, chipukizi hazifiki popote, zinajisokota na kutengeneza kifundo kinachouma ukikigusa.

Upande wa pili kuna msuli unaosubiri amri, na msuli hausubiri milele. Ukikaa bila neva, unasinyaa. Baada ya mwaka hivi hadi mwaka na nusu, unageuka taratibu kuwa mafuta na kovu. Hata neva ikifika baada ya hapo, inakuta nyumba haina mtu. Hisia zina uvumilivu zaidi na zinaweza kurudi hata kwa kuchelewa. Nguvu hazina.

Ndiyo maana daktari anayejua hii kazi, swali lake la kwanza huwa: "Uliumia lini?"

Siyo kila ganzi ni neva iliyokatika

Hapa nisiwatishe bure. Mwaka 1943 daktari wa Uingereza, Herbert Seddon, aligawa majeraha ya neva katika makundi matatu, na mgawanyo wake unatumika hadi leo.

Kundi la kwanza neva imebanwa au imetikiswa lakini nyuzi zote ziko nzima. Hii inarudi yenyewe ndani ya siku, wiki au miezi michache. Mfano unaojulikana ni mtu aliyelewa akalala kwenye kiti, mkono umening'inia nyuma ya egemeo. Anaamka kiganja kimelegea, hawezi kukinyanyua. Mtaani watasema karogwa. Kumbe amebana neva inayopita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, na mara nyingi itarudi. Anayetembelea magongo akiegemea kwapa naye anaweza kupata shida hiyohiyo.

Kundi la pili nyuzi za ndani zimekatika ila ganda limebaki. Zinaota tena kwa ile spidi ya milimita 1, na ganda linaziongoza njia.

Kundi la tatu ni kukatika kabisa. Panga, chupa, bati, kisu cha samaki, mshipi uliokazwa na samaki mkubwa. Hapa bila upasuaji hakuna muujiza. Kanuni ni rahisi: kama jeraha lilikuwa la kitu chenye makali na sehemu imekufa ganzi, chukulia kwamba neva imekatika mpaka mtaalamu athibitishe vinginevyo. Inaposhonwa ndani ya siku chache, ncha bado hazijajikunja wala kuachana sana, matokeo huwa bora. Baada ya wiki kadhaa huenda ikabidi kuazima kipande cha neva kutoka mguuni ili kuziba pengo.

Jipime mwenyewe, dakika 2

Mkono una neva kubwa tatu zinazofika kiganjani. Kila moja ina kazi yake, na kila moja ikiumia mkono unachukua sura yake.

Radiali ndiyo inayonyanyua. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikiangalia chini, halafu inua kiganja kama unamsimamisha dereva wa daladala. Kikibaki kimening'inia, radiali ina shida. Hutokea sana mfupa wa mkono wa juu ukivunjika, kwa sababu neva hiyo imeuzunguka mfupa huo.

Mediani ndiyo ya kidole gumba. Laza mkono mezani, kiganja juu, kisha inua gumba wima kuelekea dari. Likigoma, na ncha za gumba, kidole cha shahada na cha kati hazisikii, mediani imeguswa. Mtu huyu akifunga kifungo cha shati inabidi achungulie. Watu wengine hupima kwa kutengeneza duara la gumba na kidole cha shahada. Tatizo ni kwamba ukikatwa kwenye kifundo duara bado linaweza kutokea, kwa sababu misuli yake iko juu zaidi. Ukaridhika bure.

Ulna ndiyo ile unayoipiga kiwiko kikigonga ukuta ukahisi shoti mpaka kidole cha mwisho. Panua vidole vyote, kisha vifunge. Weka karatasi kati ya vidole viwili mtu aivute. Ikitoka kirahisi kuliko mkono mwingine, ulna ina tatizo. Ikikaa hivyo muda mrefu, kidole cha mwisho na cha pete vinajikunja kama ndoana, na nyama ya kati ya gumba na kidole cha shahada inadidimia. Kijana wetu wa dafu tatizo lake ni hili.

Kuna kipimo kingine ambacho mtu wa pwani hana haja ya kununua kitu chochote. Kaa na mkono ndani ya maji ya uvuguvugu kama nusu saa. Vidole vya kawaida vinakunjamana. Wengi tunadhani ni ngozi imelowa tu, kumbe ni neva zinazofanya kazi hiyo. Kidole ambacho neva yake imekatika kinabaki laini. Pia hakitoi jasho, kinakuwa kikavu. Inasaidia sana kwa mtoto mdogo ambaye hawezi kueleza kama anasikia au la.

Vipimo hivi havichukui nafasi ya daktari. Vinakupa cha kumwambia.

Kabla hujachomwa ganzi, omba upimwe

Kama kuna kitu kimoja cha kubaki nacho, nadhani ni hiki. Ukifika zahanati na jeraha la mkono, mhudumu anataka kukusaidia haraka, anachoma dawa ya ganzi, anashona. Lakini akishachoma ganzi hakuna tena namna ya kujua kama vidole vilikuwa vinasikia. Kwa hiyo kabla ya sindano, sema kwa upole: "Daktari, naomba uniangalie kwanza kama vidole vinasikia na vinasogea." Ni dakika moja. Majibu yaandikwe kwenye cheti, pamoja na tarehe.

Kama kuna sehemu haisikii, zahanati ikushone ngozi kuzuia damu na uchafu, sawa, lakini uondoke na rufaa. Kutoka Ushongo maana yake ni kuvuka Mto Pangani, hospitali ya wilaya, halafu karibu kilomita 50 nyingine hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo. Ikihitajika zaidi, kuna MOI pale Muhimbili, taasisi ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, au KCMC Moshi. Najua nauli, najua kulala Dar bila ndugu si mchezo. Ndiyo maana ni bora safari ifanyike wiki ya kwanza, siyo baada ya mwaka, pale fedha ni ileile lakini msuli umeshakwisha.

Na njiani usifunge kipande cha tyubu la baiskeli kukaba mkono mzima. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, mkono ukiwa juu. Kukaza tyubu kwa saa kadhaa kunaweza kuua neva na misuli ambayo panga halikuigusa.

Hilohilo linahusu mfupa uliovunjika. Wapo wazee wa kuunga mifupa wanaoheshimika, na sitaki kuwabeza, ila vibanzi vikifungwa kwa kukaza juu ya mkono unaoendelea kuvimba, damu haipiti ndani. Hogo la hospitali likikaza linaleta balaa lilelile. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa mtu akikunyoosha vidole, pamoja na ganzi na vidole kuvimba. Hapo hesabu ni ya saa, siyo siku. Kifunguliwe, na mgonjwa awahi hospitali usiku huohuo. Watoto wengi wenye mikono iliyokakamaa kwa kukunjwa walianza na mfupa wa kawaida kabisa karibu na kiwiko.

Bodaboda na bega

Ajali ya pikipiki ina aina yake ya jeraha. Dereva au abiria anarushwa, anatua kwa bega, kichwa kinaenda upande wa pili. Neva zote za mkono zinatoka shingoni kwenye mizizi mitano, zinajisuka pamoja chini ya mfupa wa mtulinga, ndipo zinagawanyika. Bega na kichwa vikivutwa pande mbili, mizizi hiyo inavutika, inachanika, au inang'oka kabisa kwenye uti wa mgongo.

Mtu anatoka salama, hana hata mfupa uliovunjika, ila mkono unaning'inia kama wa koti. Picha ya eksirei haioni neva, kwa hiyo anaambiwa hana kitu. Ukiona na kope ya jicho la upande huo imeshuka kidogo, ni dalili mbaya, mizizi ya chini huenda imeng'oka.

Mzizi uliong'oka hauoti wenyewe wala haushoneki kirahisi pale ulipokuwa. Wapasuaji wamebuni njia ya kuhamisha. Mwaka 1994 Christophe Oberlin na wenzake huko Ufaransa walieleza namna ya kuchukua sehemu ndogo ya neva ya ulna, ambayo bado ni nzima, na kuiunganisha kwenye neva ya msuli unaokunja kiwiko. Kiganja hakipotezi kitu cha kuonekana, na mgonjwa anapata tena kukunja mkono, kupeleka chakula mdomoni. Kazi za namna hii hufanikiwa zaidi zikifanyika ndani ya miezi 6 ya mwanzo, ikiwezekana 3. Kwa hiyo mwenye mkono unaoning'inia baada ya ajali, kama wiki kadhaa zimepita hakuna dalili ya kurudi, asisubiri mwaka wa mazoezi peke yake.

Watoto wachanga nao wamo. Bega likikwama wakati wa kujifungua, neva hizohizo zinaweza kuvutika. Wengi wanapona. Mtoto ambaye hadi miezi 3 hajaanza kukunja kiwiko, apelekwe kwa bingwa.

Ukoma bado upo

Nilipoanza kuandika nilidhani ni habari ya mapanga na pikipiki. Lakini huwezi kuzungumzia neva za mkono Tanzania ukauruka ukoma. Nchi yetu bado inapata wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na tangu 1977 kuna Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma.

Bakteria wa ukoma wanapenda neva zilizo karibu na ngozi, sehemu zenye ubaridi. Ulna pale kwenye kiwiko ndiyo wanayoipenda sana. Inavimba, unaweza kuipapasa kama kamba, kidole cha mwisho kinaanza ganzi bila jeraha lolote. Mahali pengine kwenye mwili kuna baka lisilosikia.

Watu wengi bado wanaamini ukoma unakula vidole. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore kusini mwa India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vinapotea kwa sababu havisikii maumivu: mtu anashika sufuria ya moto, anajikata, anapata kidonda, haoni sababu ya kuacha kukitumia. Brand pia alihamisha kano za misuli iliyobaki hai na kunyoosha vidole vilivyokunjamana. Upasuaji wa kuhamisha kano hadi leo ni tumaini la waliochelewa, wawe na ukoma au walikatwa na panga miaka 5 iliyopita.

Dawa za ukoma ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Na ganzi au udhaifu ulioanza ndani ya miezi 6 unaweza kutibiwa kwa vidonge vya steroidi na ukarudi. Tena ni habari ya tarehe.

Na sisi wa simu?

Ganzi ya vidole vya mwisho kwa kulala umekunja kiwiko na simu usoni, hiyo ni ulna inabanwa. Nyoosha mkono. Ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata inayokuamsha usiku hadi ukung'ute mkono, ni mediani inabanwa kwenye kifundo. Wajawazito huipata, wenye kisukari huipata, na wanaokaza mkono kazi hiyohiyo siku nzima. Kifaa cha kunyoosha kifundo usiku husaidia wengi. Nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, usiendelee kujitibu kwa kung'uta.

Ukiwa unasubiri neva iote

Kama umeshashonwa neva, kazi kubwa ni yako. Kila siku, kwa mkono mzima, kunja na kunyoosha vidole vya mkono ulioumia ili viungo visikakamae. Mkono usiosikia usishike sufuria wala jiko la mkaa, na jioni uangalie kwa macho kama kuna mchubuko au malengelenge. Maumivu ya kuungua kama pilipili yapo, siyo uchawi, na yana dawa zake tofauti na panadol. Mwambie daktari.

Kujua kama neva inasonga, gonga kidogo kwa ncha ya kidole kuanzia vidoleni ukipanda kuelekea kwenye kovu. Pale unapohisi shoti inayokimbilia vidoleni ndipo chipukizi zilipofika. Mfaransa Jules Tinel aliieleza mbinu hii mwaka 1915, kwa majeruhi wa vita. Weka alama kwa kalamu, piga picha kwa simu, tarehe ionekane. Mwezi ujao rudia. Alama ikisogea sentimita 2 hadi 3 kuelekea vidoleni, neva inatembea. Ikibaki palepale miezi 2 mfululizo, chukua zile picha zote mbili urudi nazo kwa daktari.